Oskiloskopu rahisi: kagua kabla ya kulipa

Msimu wa korosho Masasi na Newala, mzani wa kidijitali ukiharibika foleni ya wakulima husimama ghalani. Fundi anayetaka kununua oskiloskopu ya kuchunguza mizani hiyo asitazame bei tu.

Mzani wenye tundu la RS-232 hutuma uzito kwa printa, aghalabu biti 9,600 kwa sekunde. Herufi moja huchukua takriban milisekunde 1. Kumbukumbu ya vipimo milioni 12, kwa kasi ya vipimo bilioni 1 kwa sekunde, hujaa kwa milisekunde 12: herufi 11 tu. Kasi ikipunguzwa ujumbe mzima huingia, lakini baadhi ya oskiloskopu rahisi hutafsiri kilichopo kwenye skrini pekee. Herufi zikisongamana, husomwa kimakosa.

Mnunuzi adai kuona ujumbe mzima ukisomwa dukani.