Bright Stars, mtatutesa hadi lini?

Sisi mashabiki wa Bright Stars, timu ya taifa ya soka ya Sudan Kusini, tumezoea kuishi kwa matumaini. Julai 10, 2012, siku moja baada ya nchi kutimiza mwaka wa uhuru, tulitoka sare ya 2-2 na Uganda hapa Juba. Ushindi wa kwanza wa mashindano tuliungoja hadi Septemba 2015, tulipoilaza Equatorial Guinea 1-0.

Kinachoniudhi si kufungwa, bali kufungwa katika mechi tunazoziweza. Septemba 2024 Afrika Kusini ilituchapa 3-2 hapa hapa Juba, kwa bao la dakika za majeruhi. Novemba tukaifunga Congo Brazzaville 3-2, lakini tulikuwa tumekwisha kutolewa. Katika mechi 10 za kuwania Kombe la Dunia la 2026 hatukushinda hata moja.

Wenzetu wa mpira wa kikapu waliifunga Puerto Rico 90-79 katika Olimpiki ya Paris 2024. Vipaji tunavyo. Lakini wengi wao walikulia ughaibuni, penye viwanja na makocha. Mtoto wa Juba naye apewe ligi ya vijana isiyokatika.

Jezi sitaivua, ila makofi ya jukwaani hayafungi mabao.