Dumuzi Walimao Ndani ya Miti

Atembeaye Olkaria, au kando ya ziwa Naivasha, huenda akaona gogo la mgunga lililokatwa karibuni, nalo lina matundu madogo kama yaliyotobolewa kwa sindano, na penye tundu pametoka unga mweupe. Wengi husema kwamba dumuzi wanakula mti. Wapo kweli walao mti, hasa katika mbao zilizokauka. Lakini wako wengine wasioula hata kidogo: hao ni wakulima, na chakula chao ni kuvu.

Jike huja na mbegu yake. Mwilini mwake mna kifuko kidogo mno cha kuchukulia mbegu za kuvu. Jamii nyingine wanacho kinywani, nyingine mgongoni. Akiisha kutoboa njia ndani ya mti, huzipanda ukutani. Kuvu humea na kufyonza chakula cha mti, kisha yeye na watoto wake huila. Hata kupalilia hupalilia, maana huondoa kuvu ngeni na kutoa uchafu nje.

Mwaka 1836 Josef Schmidberger wa Austria alikiona chakula hicho, akadhani ni utomvu wa mti, akakiita ambrosia, yaani chakula cha miungu ya Wayunani wa kale. Mwaka 1844 Mjerumani Theodor Hartig ndiye aliyetambua kuwa ni kuvu.

Wala si kuvu moja. Jamii za dumuzi hawa zapita 3,000, na ukulima wao ulianza zaidi ya mara kumi, kila mara mbali mbali. Ndiyo sababu kuvu zao si za ukoo mmoja: ziko Raffaelea, Ambrosiella na Fusarium, na iko Flavodon, iliyo jamaa ya uyoga mgumu uotao juu ya magogo, nayo yaweza kuuozesha mti wenyewe.

Kwa kawaida wadudu hawa hufuata mti uliokatwa au uliodhoofika, kwa kuwa huvutwa na harufu ya kileo itokayo humo. Basi mwenye magogo ayapasue mbao upesi na kuzikausha: mti ukikauka, kuvu haimei, na dumuzi hana chakula.

Hasara iliyo kubwa zaidi ni ya yule aingiaye mti mzima. Kwa jirani zetu wa Uganda, Xylosandrus compactus alionekana kwanza Bundibugyo mwaka 1993, kisha akaenea katika mashamba ya kahawa ya Robusta. Jike hutoboa kitawi upande wa chini. Majani hunyauka, kitawi hukauka, na kahawa ambayo ingezaliwa hapo imepotea. Dawa ya kunyunyiza haimfikii kwa urahisi, kwani amejificha ndani pamoja na shamba lake. Yampasa mkulima akate kila kitawi kilichotobolewa, akikatie upande wa shina, nyuma ya tundu, na kukichoma moto siku ile ile. Akikiacha chini ya mkahawa, majike watatoka na mbegu zao, waruke hadi mti wa pili.