Kostime ya rangi, dredi kichwani: mtu anaweza kuvaa namna yake kwenye kazi?

Kila asubuhi, Bukavu, Goma ao Bunia, vijana wengi wanasimama mbele ya kioo na swali moja: leo nivae namna ninavyopenda, ao namna shefu anavyopenda? Kijana mwenye dredi anajua kwamba akifika kuomba kazi, mtu anaweza kumwambia: «Kazi iko, lakini ukate kwanza ile nywele.» Anayependa Sape naye anaogopa kuitwa mtu wa kujionyesha. Si mchezo, maana nyuma ya mshahara mmoja kuko watu wengi wanaongojea chakula.

Ili kuelewa jambo hili, ni vizuri kurudi nyuma kidogo. Wazee wanakumbuka abakosti. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, kostime ya kizungu na kravati vilikatazwa. Jina lenyewe abakosti linatoka kwenye maneno ya Kifaransa yanayosema kostime ianguke. Mfanyakazi wa serikali alifika kwenye biro na koti lisilo na kravati. Wamama nao walikatazwa kuvaa suruali, wakaambiwa wavae kikwembe. Wakati ule, aliyevaa kravati njo alionekana mpinzani.

Ni ndani ya hali hiyo Sape ilipata nguvu. Sape ni chama cha watu wa furaha na wa kuvaa vizuri. Mizizi yake iko Brazzaville, zaidi mtaa wa Bacongo, kisha ikavuka mto mpaka Kinshasa. Huko mwanamuziki Papa Wemba, aliyeanzisha Viva la Musica mwaka wa 1977, aliifanya ijulikane kila mahali. Kwa vijana wa wakati ule, kuvaa kostime ya Paris ao viatu vya Italia ilikuwa njia ya kusema bila kufungua mdomo: mwili huu ni wangu.

Tarehe 24/4/1990, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na kravati ikaruhusiwa tena. Leo biro nyingi zinaidai. Kitu kilichokuwa uasi jana kimekuwa iniforme ya leo. Kwa hiyo, mzee anayesema kwamba dredi «haifanane na mtu wa kazi» anaweza kukumbuka kwamba kravati yake pia ilisemwa vile.

Sheria inasema nini? Sheria ya kazi ya Kongo ni ya tarehe 16 Oktoba 2002, na ilibadilishwa kidogo mwaka wa 2016. Kwa mwenye mkataba usio na mwisho, patron hawezi kumfukuza bila sababu ya kweli: uwezo wake, mwenendo wake kazini, ao mahitaji ya kampuni. Sababu hiyo lazima iandikwe kwenye barua, na kama ni juu ya uwezo ao mwenendo wake, mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea kwanza. Sheria inasema wazi kwamba rangi, jinsia, dini, kabila na mawazo ya siasa si sababu za kumfukuza mtu. Lakini nywele na mtindo wa nguo havikutajwa pale. Mtu ambaye ni rasta kwa imani anaweza kutaja dini. Mwenye dredi kwa ajili ya urembo tu hana ulinzi huo.

Njo maana kanuni ya ndani ya kampuni iko na uzito. Kabla ya kutia sinyatire, soma inachosema juu ya mavazi. Kama haisemi kitu, uliza. Na kama shefu anakuja na katazo jipya, omba alionyeshe kwa maandishi. Kukiwa shida, mlango wa kugonga ni wa inspekta wa kazi, ao wa sendika.

Tena, si kila katazo ni dharau. Mpishi na muuguzi wanafunika nywele kwa ajili ya usafi. Kwenye kinu cha unga, kravati inayoning'inia ao dredi ndefu isiyofungwa inaweza kukamatwa na mashine. Dereva wa moto anahitaji kofia inayoingia vizuri kichwani. Hapo dawa ni kufunga nywele, si kuzikata. Swali la kumuuliza mkubwa ni hili: katazo linalinda nini? Kama linalinda maisha ya watu, lifuatwe. Kama linalinda mazoea tu, linaweza kuzungumzwa.

Sapeur wenyewe wanatoa somo hapa. Kwao kuvaa kuko na kanuni: wengi wanasema rangi zisipite tatu, nguo iwe safi, mwenendo uwe wa heshima, bila ugomvi. Mtu wa biro anaweza kuchukua roho hiyo hata na nguo za mitumba: koti lililopigwa pasi, soksi za rangi, dredi zilizooshwa na kufungwa nyuma. Kuingiza mtindo polepole kunasaidia: mwaka wa kwanza wakujue kwa kazi, kisha nguo zifuate. Na hakuna haja ya kukopa pesa ya shule ya watoto ili kununua viatu.

Kwa upande wa wakubwa, hesabu ni nyepesi. Mteja anayefika kwenye gishe anataka pesa yake ihesabiwe sawasawa na ajibiwe kwa adabu. Kama yule mwenye dredi njo anahesabu vizuri kuliko wote, kumkatalia kazi ni hasara ya kampuni yenyewe.