Gari ikitetemeka, tusikimbilie kununua mapine

Kwa koperative ya kahawa, gari si kitu cha kujionyesha. Kahawa nyekundu iliyochumwa asubuhi inapaswa kumenywa siku ileile. Ikilala ndani ya magunia inachacha, na ile harufu haitoki tena hata uioshe namna gani. Kwa hiyo, siku shofere wetu alipokuja kusema, "Mama Prezida, gari iko natetemeka sana," watu wote waliokuwa kwenye baraza walinyamaza. Tulikuwa mwezi wa nne, katikati ya msimu.

Gari yetu ni Land Cruiser pick-up ya zamani, inayoshusha kahawa kutoka vilima vya Kalehe hadi kando ya ziwa. Tulifanya kama wengi wanavyofanya: tukaipeleka garaji mjini. Huko waliizunguka dakika chache, wakasema mapine yamekwisha. Tukanunua mapine mane, kwa makuta ya sanduku la wanachama. Wakati wa kurudi, kabla hata ya kumaliza barabara nzuri, gari ikaanza tena kutetemeka vilevile. Mama mwenye kutunza sanduku alikuwa ameketi mbele. Hakusema neno. Alifunga tu daftari lake.

Aliyetusaidia ni mzee mmoja wa kijijini, mekanisiye wa kamiyo wa siku nyingi. Nilishangaa kwamba hakushika ufunguo. Alianza kwa kuuliza maswali, na maswali yale ndiyo ninayotaka kuwaandikia hapa, maana yangetuokolea pesa ya mapine.

Swali la kwanza: mtetemeko unafuata moteri, au unafuata mwendo? Simamisha gari, toa vitesi, kanyaga mafuta pole pole. Ikitetemeka hata imesimama, angalia moteri na zile mpira zinazoishikilia. Kama inatulia ikisimama, tafuta barabara iliyonyooka na isiyo na watu. Enda mwendo ule unaoleta shida, kwa mfano kilometa 50 kwa saa, ukiwa kwa vitesi ya tatu, halafu mwendo uleule kwa vitesi ya nne. Moteri itazunguka tofauti, lakini mapine na kardani vitazunguka sawasawa. Kama mtetemeko haubadiliki, basi shida iko nyuma ya bwati ya vitesi: kardani, ponti, ama mapine. Yetu haikubadilika.

Swali la pili: unausikia wapi? Mikono ikitetemeka kwenye usukani, mara nyingi ni mapine ya mbele. Ukiusikia chini ya kiti na miguuni, fikiria kardani au nyuma. Tena sikiliza namna unavyokuja. Kwa gari kama yetu, kardani inazunguka karibu mara nne wakati pine linazunguka mara moja. Pine baya, ukienda polepole, karibu unaweza kuhesabu vile linapiga: du, du, du. Kardani haihesabiki. Inavuma kama mashine ya kusaga muhogo. Shofere wetu alipoulizwa akajibu mara moja, "Ni kama mashine, Papa. Inakuja mu matako." Watu walicheka, lakini jibu lilikuwa sahihi.

Hata hivyo mzee alituamuru kwanza tuoshe mapine. Si kwa nje tu. Ndani ya janti, upande ule usioonekana. Kwa barabara zetu za mvua, udongo unaingia mule, unakauka upande mmoja, unakuwa mzito kama tofali. Pine jipya kabisa litatetemeka hivyo. Tulitoa udongo wa kujaza beseni. Tukajaribu gari: usukani ulitulia, ila ule mvumo wa chini ya kiti ulibaki. Kumbe tulikuwa na shida mbili, na moja yao ilihitaji maji na kijiti tu.

Halafu ndipo tuliingia chini ya gari. Hapa naomba msome polepole, kwa sababu watu wanakufa chini ya magari. Gari iwe mahali tambarare, si kwenye mteremko hata kidogo. Weka magogo au mawe makubwa mbele na nyuma ya mapine. Usiingie chini ya gari iliyoshikwa na kiriki peke yake. Na kuna jambo wengi hawalijui: kwa Land Cruiser za zamani sana na kamiyo ndogo nyingi, freni ya mkono haishiki mapine, inashika kardani yenyewe nyuma ya bwati. Siku unatoa kardani, freni ile haishiki kitu tena, na vitesi nayo haishiki. Gari inaweza kuondoka yenyewe na wewe uko chini yake.

Kardani ni ule mti wa chuma unaopeleka nguvu kutoka bwati hadi ponti. Kila mwisho una kruaziyo, msalaba mdogo wa chuma wenye vikombe vinne, na ndani ya kila kikombe kuna sindano nyembamba zinazoviringika kwa grese. Ukikamata kardani kwa mikono miwili karibu na kruaziyo, ukaisukuma juu na chini, haipaswi kucheza hata kidogo. Usichanganye na ile nafasi ndogo unayosikia ukiizungusha. Hiyo inaweza kutoka kwenye meno ya ponti, nayo ni ya kawaida ikiwa ndogo. Yetu ya nyuma ilicheza. Na kando ya kikombe kimoja kulikuwa na unga mwekundu mkavu, rangi ya kutu. Mzee akaupaka kwenye kidole, akatuonyesha. Unga ule ni sindano zilizokwisha kusagika. Maji ya mto yaliingia, grese ikatoka, hakuna aliyeweka nyingine.

Wenye Hilux ndefu waangalie tena katikati. Nyingi kati yake kardani yake ni vipande viwili, na pale vinapokutana kuna rulema inayoning'inia kwenye mpira. Mpira ule ukipasuka, gari inatetemeka hasa wakati wa kuondoka na mzigo.

Kubadilisha kruaziyo si kazi ya siku nzima. Lakini kabla ya kufungua buloni hata moja, piga alama kwa patasi au rangi: mahali kardani inapokutana na ponti, mahali inapokutana na bwati, na pale inapoteleza ndani ya nyingine katikati. Mzee alisema hivyo mara mbili. Vijana wawili waliosaidia walipiga alama kwenye miisho, ya katikati wakaisahau. Nitarudi hapo.

Kwa gari yetu ufunguo wa 14 ulitosha kufungua buloni. Toa vile vipete vinavyozuia vikombe, halafu sukuma vikombe kwa jiliwa. Asiye na jiliwa atumie nyundo na soketi mbili, moja ndogo ya kusukuma na moja kubwa ya kupokea kikombe upande wa pili. Unapofunga kruaziyo mpya, shika sindano kwa grese zisilale. Moja ikilala kikombe hakifiki mwisho, na ukilazimisha kwa nyundo umeharibu kitu kipya. Ukimaliza, msalaba ugeuke kwa mkono pande zote, bila kukwama na bila kucheza.

Tulifunga, tukajaribu, na gari ilitetemeka kuliko mwanzo. Nakiri nilikata tamaa. Mama wa sanduku alisimama pale, akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa hii nayo tumelipa bure?" Mzee akalala tena chini, akatazama kardani kwa jicho moja kama mtu anayepima ukuta, akaanza kucheka. Vijana walikuwa wametenganisha vipande viwili vinavyoteleza, wakavirudisha jino moja pembeni. Kwa kardani yetu ya nyuma, masikio ya chuma ya mbele na ya nyuma yanapaswa kuelekea upande mmoja, yalingane. Yasipolingana, kruaziyo moja inavuta wakati nyingine inasukuma, na hakuna kitakachotulia. Tukafungua, tukasogeza jino moja, tukafunga. Mvumo ukaisha.

Kuna mambo ambayo hatungeyagusa kijijini. Kardani iliyobonyea kwa kugonga jiwe, au iliyopasuka mahali ilipochomelewa, usiinyooshe kwa nyundo. Itafutiwe fundi mwenye mashine ya kuchonga chuma, ama inunuliwe nyingine. Na usiseme tumalize kwanza msimu. Kruaziyo ya mbele ikikatika gari iko kwenye mwendo, kardani inaanguka na kuchimba barabara, na kwetu kila mmoja anajua wanaoketi juu ya magunia ni akina nani.

Kuweka grese ndiyo kazi iliyosahauliwa. Kwenye kruaziyo na pale panapoteleza kuna chuchu ndogo za pompi. Piga mpaka grese ya zamani itoke kwenye vikombe vyote vine. Kikombe kisichotoa kitu kimeziba, na ndicho kitakachokufa mbele. Sisi sasa tunafanya hivyo kila juma la pili wakati wa mvua, na siku ileile gari imepita mtoni mpaka maji yamefika kwenye ponti.

Mapine mane ya zamani hatukuyauza. Mzee alipoyatazama alisema mawili bado mazuri, tukayaweka kuwa ya akiba. Kwenye daftari la sanduku sasa kuna ukurasa wa gari: tarehe, kilometa, nani alipiga grese. Aliyeweka sahihi ya kwanza ni shofere, na chini yake mama wa sanduku, ambaye Jumamosi iliyopita aliinama mwenyewe kuhesabu vikombe.