Kioo cha Mbele cha Gari: Jinsi ya Kukisafisha na Kukilinda



Katika kurasa hizi umezoea kusoma habari za mbegu, za kuogesha ng'ombe na za kuzuia maji yasichukue udongo. Mwezi huu tunasema juu ya kitu ambacho watu wengi hawakihesabu kuwa chombo cha kazi, nacho ni kioo cha mbele cha gari. Katika skimu nyingi za makazi utaona pikapu ikikusanya maziwa kila asubuhi, na lori likipeleka viazi au mahindi sokoni. Jembe butu huchelewesha kazi tu. Kioo kichafu chaweza kuua mtu.

Hatari yake

Mchana, jua likiwa juu, dereva huona njia vizuri na kudhani kwamba kioo chake ni safi. Lakini asubuhi mapema, jua likichomoza mbele yake, kila chembe ya vumbi na kila alama ya mafuta hushika mwanga na kuutawanya. Kioo chote huwa cheupe kama kilichopakwa maziwa. Usiku, taa za gari linalokuja mbele hufanya vivyo hivyo.

Sasa tufanye hesabu. Gari liendalo kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika kila sekunde moja. Dereva asipoona kwa sekunde 3 tu, gari limekwisha kwenda mita 50 bila kuongozwa na macho ya mtu. Na saa hiyo ya asubuhi ndiyo saa ya watoto kwenda shule, wakitembea kando ya barabara ile ile, na ndiyo saa ya mikokoteni ya punda yenye makopo ya maziwa. Kwa hiyo kusafisha kioo si urembo wa gari.

Kioo hiki kimefanywaje

Kioo cha mbele si kama kioo cha dirisha la nyumba. Ni vipande viwili vya kioo vilivyobanwa pamoja, na katikati yake mna utando wa plastiki. Mwaka 1903 mwanakemia Mfaransa, Édouard Bénédictus, aliona chupa iliyoanguka ikapasuka bila vipande vyake kutawanyika, kwa sababu ndani yake mlikuwa na utando mkavu uliovishika. Kutokana na jambo hilo alibuni kioo cha usalama, akapata hati yake mwaka 1909. Ndiyo maana kioo cha mbele kikipigwa na jiwe hufanya ufa lakini hakimwagiki usoni mwa dereva.

Hata hivyo kioo kina adui, naye ni mchanga. Chembe nyingi za mchanga ni ngumu kuliko kioo. Ukipangusa vumbi la barabara ya changarawe kwa kitambaa kikavu, unakikwaruza kioo chako kama mtu anayesugua sufuria kwa mchanga. Mikwaruzo hiyo midogo haionekani siku ya kwanza, bali huongezeka mwaka baada ya mwaka, na jua la asubuhi huidhihirisha yote.

Namna ya kukisafisha

Tafuta ndoo mbili za maji safi, sabuni ya maji, vitambaa laini vitatu au vinne vilivyofuliwa, siki nyeupe, na spiriti ya isopropili. Usitumie spiriti iliyotiwa mafuta kwa ajili ya ngozi, kwa maana itaacha utando juu ya kioo. Kisha fuata mpango huu:

1. Weka gari kivulini, ungoje kioo kipoe. Maji baridi juu ya kioo chenye moto, au maji moto juu ya kioo chenye umande ulioganda, huweza kukipasua, hasa kama kina ufa mdogo.

2. Inua waipa, umwagie kioo maji mengi kutoka juu kwenda chini. Usiguse bado. Acha maji yaondoe mchanga kwanza.

3. Osha kwa maji ya sabuni na kitambaa laini. Suuza kitambaa mara kwa mara katika ndoo ya pili, ili usirudishe mchanga juu ya kioo. Kisha suuza kioo chote.

4. Pitisha ncha za vidole juu ya kioo kilicholowa. Kikiwa laini kama sahani, vema. Kikikwaruza vidole, bado kuna utomvu wa miti, lami au mabaki ya wadudu. Lowesha mahali hapo kwa maji ya sabuni kwa dakika chache, kisha sugua polepole. Yasipotoka, tumia udongo laini wa kusafishia magari unaouzwa katika maduka ya vipuri, na kioo kiwe kimelowa sana. Angalia: usitumie udongo wa mfinyanzi kutoka shambani au mtoni, kwa maana una mchanga ndani yake.

5. Madoa meupe ya mviringo ni chokaa iliyobaki maji ya kisima yalipokauka. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, ukilaze juu ya madoa kwa dakika chache, kisha futa na usuuze vizuri. Angalia siki isimwagikie rangi ya gari.

6. Mwisho ondoa mafuta. Changanya spiriti na maji nusu kwa nusu, upanguse kioo kwa kitambaa safi, kisha ukaushe kwa kitambaa kingine. Spiriti hushika moto upesi, kwa hiyo usivute sigara karibu nayo wala usiiache mahali watoto wanapofika.

Sasa jaribu kazi yako. Mwagia maji kidogo juu ya kioo. Yakienea sawasawa bila kuacha vipara, kioo kimetakata. Yakijitenga mahali pengine, mafuta yangalipo, nawe rudia hatua ya sita.

Usisahau upande wa ndani

Watu wengi husafisha nje tu. Lakini ndani kuna utando unaotokana na pumzi za watu, moshi wa sigara, na mvuke wa plastiki ya dashibodi inayopigwa na jua. Asubuhi ya baridi, unyevu wa pumzi hushika upesi juu ya utando huo, na dereva hujikuta akifuta kioo kwa kiganja huku gari linakwenda. Kiganja nacho huongeza mafuta.

Tumia spiriti na maji kama tulivyosema, ukiloweshe kitambaa wala usinyunyize juu ya dashibodi. Kama kioo kimebandikwa karatasi ya kupunguza jua, usitumie dawa yenye amonia wala wembe, kwa maana vitaiharibu. Tena iko mbinu ndogo ya kukusaidia: ndani futa kutoka juu kwenda chini, nje futa kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiona mstari umebaki, utajua mara moja uko upande gani.

Kukilinda

Kioo kikiwa safi na kikavu kabisa, waweza kukipaka dawa ya kufukuza maji, inayouzwa kwa ajili ya vioo vya magari. Paka kidogo kwa mzunguko, ngoja ikauke iwe kama ukungu, kisha futa mpaka kioo kiangaze. Matone ya mvua yatajikusanya na kukimbia badala ya kutandaa, na wadudu na tope vitatoka kwa urahisi. Dawa hiyo haidumu milele. Ukiona maji yameanza kutandaa tena, paka upya. Wakati mzuri ni kabla ya mvua za masika na kabla ya mvua za vuli. Usipake nta ya mwili wa gari juu ya kioo cha mbele, kwa maana waipa zitaitandaza na kuleta ukungu.

Waipa zenyewe zataka kutunzwa. Jua hukausha mpira wake hata ukapasuka. Kila juma futa ukingo wa mpira kwa kitambaa chenye maji, uone ni uchafu kiasi gani unaotoka. Mpira uliochanika, au unaoacha mistari hata baada ya kusafishwa, ubadilishwe. Bei ya mpira ni ndogo kuliko bei ya kioo. Usiwashe waipa juu ya kioo kikavu chenye vumbi; rusha maji kwanza. Na katika chupa ya maji ya waipa tia maji safi yasiyo na chokaa, pamoja na dawa yake iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Mafuta ya taa na dizeli visitumiwe kusafishia kioo wala mpira. Huonekana kung'arisha, lakini huacha utando na kuharibu mpira.

Jiwe likipiga kioo

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jiwe la lori likiacha alama ndogo juu ya kioo, funika alama hiyo kwa utepe wa gundi siku ile ile, ili vumbi na maji visiingie, kisha upeleke gari kwa fundi wa vioo. Alama ndogo na safi yaweza kujazwa gundi maalum, na kioo kikaendelea na kazi. Ukingoja, joto la mchana, baridi ya usiku na mitikisiko ya njia vitaurefusha ufa mpaka hapana budi kununua kioo kizima. Ufa mrefu, au ulio mbele ya macho ya dereva, haujazwi, kioo hubadilishwa. Kadhalika mkwaruzo unaoshika ukucha hauondolewi kwa kusugua, na anayejaribu huacha bonde linalopotosha macho.

Kwa asiye na gari

Labda utasema, "Mimi sina gari, maneno haya ni ya wenye pikapu." Si hivyo. Maziwa yaliyomo garini ni yako, na watoto walio kando ya njia ni wako. Pikapu ikija kuchukua maziwa asubuhi, tazama kioo chake. Kikiwa kichafu, mpe dereva ndoo ya maji na kitambaa laini, umwambie kwa upole asafishe kabla hajaondoka. Dakika tano hazitagandisha maziwa. Na kama ni gari la chama chenu cha ushirika, toa shauri katika mkutano kwamba dereva asafishe kioo ndani na nje kila siku kabla ya safari ya kwanza, na kwamba kamati inunue mipira ya waipa kabla mvua hazijaanza.