Mmerudiana na Kila Mtu Ana Biashara Yake? Wekeni Daftari Kwanza

Ya kale ni dhahabu, wahenga walisema. Na hapa kwetu Garissa hadithi hii si ngeni: walipendana wakiwa shule, mahari ikakosekana, kila mtu akashika njia yake. Miaka ikapita. Leo mwanamke ana duka la nguo Eastleigh, na mwanamume ananunua ng'ombe soko la mifugo Garissa na kuwapeleka Nairobi kwa lori. Namba ya simu inapatikana kwa rafiki, salamu zinaanza, moyo unakumbuka.

Sisi tunasema hongera! Ila tunajua kinachofuata salamu: pesa zinaanza kutembea.

"Abaayo, nitumie 200,000 nifunge mzigo." Unatuma, maanake ni yule yule wa zamani. Hakuna anayeuliza: huu ni mkopo, ni ubia, ama ni zawadi?

Swali linaonekana dogo mpaka siku ya shida. Kati ya 2020 na 2022 mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, na mifugo ikafa kwa wingi kote Kaskazini Mashariki. Sasa fikiria pesa yako ilikuwa kwa hao ng'ombe. Kama ilikuwa mkopo, bado unadai. Kama ilikuwa ubia, mnagawana hasara kulingana na mtaji wa kila mmoja. Kama ilikuwa zawadi, imeenda.

Kuna jambo lingine ambalo wapenzi hawapendi kulitaja: kifo. Tuseme mmeoana, na mtaji wako wote umelala kwa laini ya mume. Katika mirathi ya Kiislamu, mjane hupata sehemu moja kwa nane ikiwa marehemu ameacha watoto, na kama kuna wake wengine, wanagawana hiyo hiyo. Mtaji wako usio na ushahidi utahesabiwa kuwa mali ya marehemu.

Lakini madeni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Ukionyesha kwamba zile pesa zilikuwa mkopo, au ni sehemu yako ya ubia, unatolewa chako kwanza. Mbele ya Kadhi, ushahidi ndio unaosaidia. Na mume aliyeweka pesa kwa biashara ya mke yuko kwa hatari hiyo hiyo.

Kwa wasio Waislamu pia, Mahakama ya Juu iliamua Januari 2023 kwamba kuoana pekee hakukupi nusu ya mali. Lazima uonyeshe mchango wako.

Kuandika si kukosa kuaminiana. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, Al-Baqarah 282, inahusu kuandika deni. Basi fanyeni hivi:

1. Biashara mbili, laini mbili. Mauzo ya nguo yasiingie laini ya ng'ombe. Matumizi ya nyumbani yawe na laini ya tatu, kila mtu achange kama mnavyochanga ayuuto.

2. Ipe pesa jina kabla ya kutuma. Andika ujumbe: "Hii 200,000 ni mkopo, utarudisha baada ya Idi." Ngoja ajibu "sawa", ndipo utume. Usifute ujumbe huo.

3. Omba taarifa ya miamala kila mwezi na uihifadhi. Simu ikipotea, kumbukumbu zisipotee nayo.

4. Namba ya siri ni yako peke yako. Hata mkioana.

5. Kama amekupata kwa simu tu baada ya miaka mingi, hakikisha ni yeye. Tapeli anaweza kutumia picha na jina la mtu unayemjua. Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo. Likiwa la mtu mwingine, simama, mpigie, mwonane kwanza.

Maduka mengi huwa na maandishi ukutani: mali bila daftari hupotea bila habari. Kama tayari mmeshatumiana pesa bila kuzipa jina, hamjachelewa. Jioni hii fungueni simu zenu pamoja, pitieni kila muamala, mkubaliane ulikuwa mkopo, ubia au zawadi. Halafu kila mmoja amtumie mwenzake hesabu hiyo kwa ujumbe.

Chai ya maziwa ya ngamia iwe karibu. Mazungumzo yenyewe huchukua muda.