Jina la Ludoviko: Asili na Maana Yake

Asomaye habari za Mombasa ya mwaka 1844 atamkuta Johann Ludwig Krapf. Naye akifungua kitabu cha safari zake, kilichopigwa chapa London mwaka 1860, ataona J. Lewis Krapf. Ni mtu yule yule. Lewis ni Ludwig kwa Kiingereza, kama lilivyo Louis kwa Kifaransa, Luis kwa Kihispania, na Ludoviko kwetu. Hata Clovis, mfalme wa Wafranki aliyekufa mwaka 511, jina lake ni lilo hilo.

Wafranki walikuwa taifa la jamii ya Kijerumani walioitawala Galia. Jina hili kwao lilikuwa na sehemu mbili: hlud, yaani -enye kusikika, -enye sifa, na wig, yaani vita. Ile h ya mwanzo ilitoka kooni, kama kh ya Waarabu, na waandishi wa Kilatini wakaiandika ch: Chlodovechus. Hapo njia zikaachana. Vinywa vingine viliifanya k, ndipo likapatikana Clovis. Vingine viliilegeza hata ikatoweka, likawa Ludwig, na kwa Kilatini Ludovicus. Wafaransa wakazidi kulimomonyoa, d na v zikaanguka, likabaki Louis. Msomaji asistaajabu: nasi tumeiona khabari ikawa habari, na kheri ikawa heri; ila sisi tumebakiza h, wao waliitupa kabisa.

Wengi hufasiri jina hili "mashuhuri vitani". Kwa maneno tafsiri ni sawa, lakini kwa desturi yapoteza. Watu wale hawakutunga jina kama sentensi. Walitwaa vipande vilivyokuwamo katika ukoo, wakaviunga. Karolo Mkuu alipopata mapacha mwaka 778 aliwaita Ludwig na Lothar, hlud kwa wote wawili, akirudisha majina ya wafalme wa kale. Tena walikuwako wanawake walioitwa Hildegund. Hild ni vita, na gund pia ni vita. Ni mzazi gani angekusudia kumwita bintiye Vita-Vita?

Basi mzazi akituuliza kama yafaa kumbatiza mtoto kwa jina la vita, tumjibu kwamba ampa jina la Louis wa 9, mfalme wa Ufaransa, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1297. Ingawa huyo naye alifia Tunis mwaka 1270, katika vita vya msalaba.